Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: "Mwanangu, huu ni wa Kyela kweli?"



Ndugu zangu wa Mbeya na wa Iringa, na nyote mnaotusoma mkiwa ndani ya basi hapo katikati, natumai daku ilishuka vizuri na baridi ya alfajiri haikuwazuia kufika msikitini. Leo tuna neno moja tu la kulitafakari. Kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kwa siku, tena bila kufikiri. Neno lenyewe ni *kweli*.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Si uungwana kuwahubiria watu ukweli huku mimi nimejificha nyuma ya mimbari.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijakaa kufundisha madrasa, nilikuwa nauza mchele hapa Mbeya, kwenye duka la mtu. Wanaoijua biashara hii wanajua kwamba mchele wa Kyela una jina. Ukiupika, jirani anajua leo kwa fulani kuna wali. Na jina lina bei yake. Mchele wa Mbarali nao ni mzuri, unalisha watu wengi na hauna kosa lolote, ila kwa bei haufiki wa Kyela. Basi sisi tulikuwa tunachanganya. Debe moja la Kyela kwa madebe mawili ya ule mwingine, unakoroga kwa beleshi, unajaza gunia, unakunja mdomo wake vizuri, halafu juu unachomeka kipande cha boksi kimeandikwa: KYELA SUPER. Simsingizii mwenye duka. Mkono uliokoroga ni wangu.

Siku moja ya Ramadhani, baada ya alasiri, akaja mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akachota mchele kidogo kiganjani, akaunusa, akaniangalia usoni. Akauliza: "Mwanangu, huu ni wa Kyela kweli?"

Nikamjibu: "Mama, mimi nimefunga. Nikudanganye ili iwe nini?"

Akacheka. Akasema, "Haya baba, nipimie kilo tano."

Sasa ndugu yangu, liangalie jibu langu. "Nimefunga." Ni kweli, nilikuwa nimefunga. "Nikudanganye ili iwe nini?" Hilo ni swali. Ungenipeleka kwa hakimu na maneno yale, usingenipata na neno hata moja la uongo. Lakini yule mama aliondoka na uongo kichwani na mchele wa kuchanganya mkononi, na vyote viwili nilimpa mimi. Na karatasi niliyofungia ule uongo ilikuwa swaumu yangu.

Siku mbili baadaye, magharibi ikikaribia, nikamwona anakuja tena. Nikasema moyoni, leo naumbuka. Kumbe ameshika bakuli lililofunikwa sahani. Akaniambia: "Nimekuletea futari, mwanangu. Wewe kijana unafunga, na uko mbali na kwenu." Halafu akaongeza maneno ambayo hadi leo sijayasahau: "Ila wali haukunukia sana. Labda ni moshi wa kuni. Au mimi ndiye nimezeeka, mikono haijui tena kupika."

Nilifuturu kwa wali ule. Wala sikumwambia kitu.

Tutarudi kwake. Kwanza tulitazame neno.

*Neno na matawi yake*

Kila lugha ina neno la kushikia ukweli. Mzee wa Tukuyu akitaka kukuhakikishia jambo kwa Kinyakyusa atakwambia "naloli". Sisi kwa Kiswahili tuna "kweli". Katika Kiarabu cha Qur'ani neno ni *sidqi*, na herufi zake za asili ni tatu: swad, dal na qaf. Kutoka herufi hizo tatu Kiswahili chetu kimepata maneno ambayo tunayatumia kila siku bila kukumbuka kwamba ni ndugu.

La kwanza ni *sadaka*. Neno hili linajulikana na kila mtu huku kwetu Nyanda za Juu, hata majirani zetu Wakristo hulitumia Jumapili kanisani. Kwa nini kumpa masikini kuitwe kwa jina linalotokana na ukweli? Wanachuoni wanaeleza kwamba mtu anaposema anaamini, hayo bado ni maneno. Anapotoa kile anachokipenda, mkono wake unausadikisha ulimi wake. Ndiyo maana katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Malik Al-Ash'ariy, Mtume (s.a.w.) ameifananisha sadaka na hoja ya wazi, yaani ushahidi.

La pili ni *kusadiki*, yaani kukubali kwamba jambo ni kweli. Abu Bakr (r.a.) aliitwa As-Siddiq. Makuraishi walipomwendea na habari ya Israa wakidhani atacheka pamoja nao, alisadiki palepale. Hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Aliyekuwa akimsadiki alikuwa ameishi naye miaka na hajawahi kumsikia akisema uongo. Hata wale waliokuja kumpinga Mtume, siku alipopanda kilima cha Safa na kuwaita, walikiri kwanza kwamba hawajapata kwake ila ukweli. Kabla hajaletewa wahyi alikuwa ameishi miaka 40 katika mazungumzo ya kawaida: ya biashara, ya jirani, ya njiani. Ukweli wake katika mambo madogo ndio uliomfanya asadikiwe katika jambo kubwa.

La tatu ni *swadakta*. Mtu akisema jambo likakugusa, unamwambia "swadakta!" Maana yake ni "umesema kweli". Katika hadithi mashuhuri ya Jibril iliyopokewa na Umar (r.a.), mgeni mwenye nguo nyeupe sana alikuwa anamuuliza Mtume (s.a.w.), akijibiwa anasema neno hilohilo. Maswahaba wakashangaa: anauliza, halafu yeye mwenyewe anathibitisha! Na sisi tukimaliza kusoma Qur'ani tumezoea kusema "Sadaqallahul-adhiim", kwamba Mwenyezi Mungu Mtukufu amesema kweli.

Kwa hiyo tumepata neno la kutoa, neno la kuamini, na neno la kumsifu mwingine aliyesema kweli. Yote ni matawi. Shina ni sidqi: mimi mwenyewe kuwa mkweli. Na shina likikauka, matawi hayana pa kunywea maji. Yule mama alifanya sehemu yake, alinisadiki. Akaongeza na sadaka, akaniletea futari. Aliyekosekana pale ni mkweli mmoja tu, naye alipaswa kuwa mimi.

*Maneno sahihi, uongo palepale*

Tumezoea kupima ukweli kwa kuangalia kama sentensi ina kosa. Mtume wetu (s.a.w.) ametupa kipimo kingine. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakiwa wakweli *na wakabainisha*, biashara yao inabarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake inafutwa. Zingatia kwamba ametaja mambo mawili. Kusema kweli, na kubainisha, yaani kuweka wazi. Mimi pale dukani nilijisifu kwa lile la kwanza, kwamba sijatamka uongo, nikaliruka la pili.

Katika hadithi nyingine ya Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka akaingiza mkono ndani. Vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa: kwa nini usiiweke juu watu waione? Kisha akabainisha kwamba anayefanya ghushi si katika watu wake. Yule muuza nafaka hakuwa amesema neno lolote. Rundo ndilo lililokuwa linasema: juu kavu, chini maji.

Sasa tuje kwetu. Rundo linasema sehemu nyingi.

Nenda stendi. Wapiga debe wanne wamekaa ndani ya gari na vibegi mapajani kana kwamba ni abiria. Wewe unaona gari limejaa, unakata tiketi, unakaa. Mara mmoja anashuka "kununua maji". Wa pili anashuka. Unabaki na dereva na saa mbili za kusubiri. Hakuna aliyekwambia uongo. Walikuwa wamekaa tu. Lakini kukaa kule kulikuwa ni maneno.

Nenda sokoni. Sado ya viazi kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, ukipimiwa unaona kichungu kizuri juu, na hujui kilichopungua chini. Sado nayo inasema.

Na nenda shambani, kwa mkulima wa viazi wa Uporoto au wa vitunguu wa Ilula. Mnunuzi anamwambia "nanunua gunia". Kisha linakuja gunia limeongezwa kilemba cha wavu juu, limeshonwa kwa kamba kama nyumba ya ghorofa. Lumbesa. Sheria ya vipimo imeikataza. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini bado linaitwa "gunia", na mkulima analipwa gunia. Neno moja tu, "gunia", limebeba jasho la mtu la miezi na halijalilipa. Mwenyezi Mungu ameanza Suratul-Mutaffifin kwa kuwaonya watu wa namna hii hasa: wakijipimia kutoka kwa watu wanataka kijae, na wakiwapimia watu wanapunguza. Ukitafakari, mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa siku moja. Asubuhi ananunua kwa lumbesa, jioni anauza kwa sado iliyobonyea. Na katikati ya asubuhi na jioni amefunga.

*Maneno yaliyokwisha thamani*

Kuna na uongo mdogo mdogo ambao tumeuzoea hadi hatuuiti uongo. Unampigia fundi, anasema "niko njiani", na nyuma unasikia televisheni ya sebuleni kwake. Mtu yuko Mwanjelwa anaongea na simu, anamwambia mdai wake "mimi niko Iringa huku, mtandao unasumbua". Sote tuliosimama pale tumemsikia, tena tunacheka.

Na "inshallah" yetu. Katika Suratul-Kahf, aya ya 23 na 24, Mtume (s.a.w.) ameelekezwa asiseme juu ya jambo kwamba atalifanya kesho bila kulifungamanisha na kutaka kwake Allah. Ni neno la mtu aliyeazimia jambo na kukiri kwamba uwezo si wake. Sisi tumeligeuza kuwa njia ya kukataa kwa adabu. "Utakuja kwenye kikao?" "Inshallah." Aliyeuliza anaelewa moja kwa moja: huyu haji. Tumelichukua jina la Mwenyezi Mungu tukalifanya pazia la kujificha.

Maneno ni kama noti. Ukitumia bandia nyingi, hata ile halali inaanza kuinuliwa juani na kukaguliwa. Ndiyo maana siku hizi "kweli" peke yake haitoshi. Mtu anasema "kweli", halafu "kweli tena", halafu "haki ya Mungu", halafu "wallahi", na bado msikilizaji anamwangalia tu. Viapo vikiwa vingi namna hii, ujue neno la kawaida lilishakosa mdhamini.

*Na si kila kweli ni sidqi*

Tahadhari nyingine, maana wapo watakaoisoma tafakuri hii na kusema: "Umeona! Mimi ndiyo maana huwa siwafichi watu, nawapa ukweli wao."

Kiswahili chetu kina msemo huo, kumpa mtu ukweli wake. Ukiusikia, ujue mtu ametukanwa. Hatusemi "nimempa ukweli wake" tukiwa tumemsifu. Na mara nyingi hao wanaotoa ukweli wa wenzao, wa kwao wenyewe wanao kabatini, umefungiwa kwa ufunguo.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kusengenya, itakuwaje kama lile ninalolisema kwa ndugu yangu analo kweli, alibainisha kwamba hapo ndipo umemsengenya; na kama hana, umemzulia. Imepokewa na Muslim. Kwa hiyo habari inaweza kuwa sahihi herufi kwa herufi na bado ikaandikwa kama dhambi. Sidqi inaanzia kwangu. Kwanza najipa ukweli wangu.

*Aliyekuwa na ufasaha akaacha kuutumia*

Anayetaka kuona sidqi ikitembea kwa miguu miwili amtazame Ka'b bin Malik (r.a.). Kisa chake ni kirefu, kiko katika Bukhari na Muslim, nami nitakipita kwa haraka.

Mwaka wa 9 Hijria Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda Tabuk. Kulikuwa na joto, safari ilikuwa ndefu, na matunda Madina yalikuwa yameiva. Ka'b alikuwa na afya, alikuwa na uwezo kuliko wakati wowote, alikuwa na ngamia wawili. Kila siku alisema nitajiandaa kesho. Kesho ikawa kesho, msafara ukaondoka, akabaki.

Mtume aliporudi alikaa msikitini. Wale waliobaki nyuma wakaja mmoja mmoja, watu zaidi ya 80, kila mmoja na udhuru wake na kiapo chake. Akawapokea kwa waliyoyadhihirisha, na ya ndani akamwachia Allah. Ikafika zamu ya Ka'b. Huyu alikuwa mshairi, mtu wa maneno. Mwenyewe alikiri kwamba angekuwa mbele ya mtu mwingine yeyote duniani angejua namna ya kuponyoka na ghadhabu yake, maana alipewa ufasaha wa kujitetea. Lakini alijua kwamba akimridhisha Mtume leo kwa uongo, Mwenyezi Mungu anaweza kumfunua kesho. Akasema wazi kwamba hana udhuru.

Mtume (s.a.w.) akasema kwamba huyu amesema kweli, akamwambia ainuke asubiri hukumu ya Allah. Alipotoka, watu wa ukoo wake wakamlaumu: kwa nini usitoe udhuru kama wenzako? Wakamsukuma hadi akakaribia kurudi kuukanusha ukweli wake. Waliokuwa katika hali yake ni wawili tu, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya.

Kisha ukaja mtihani. Waislamu walikatazwa kusema na hao watatu. Ka'b anaingia sokoni, hakuna anayeongea naye. Anatoa salamu, anabaki kujiuliza kama midomo ya Mtume imetikisika kumjibu au la. Zilipotimia siku 40 wakaamrishwa na wake zao wakae mbali nao. Ilikuwa siku 50 kamili. Wale 80 na zaidi walikuwa nyumbani wanakula na kucheka. Aliyesema kweli ndiye aliyeteseka.

Tusilipite hili haraka. Tunapenda kuwaambia watoto "sema kweli, utakuwa salama". Ka'b alisema kweli, na jioni yake hakuwa salama. Ukweli una gharama, na mara nyingine bili inakuja mapema. Mfanyabiashara akiandika MCHANGANYIKO kwenye boksi lake, wateja wengine watavuka barabara. Kijana akisema "mimi ndiye niliyegonga", atalipa. Hatudanganyani hapa.

Lakini alfajiri ya siku ya 50 Ka'b akasikia mtu anapiga ukelele kutoka mlima wa Sal' kwamba afurahi. Toba imekubaliwa. Aya zikateremka katika Suratut-Tawba, na mara tu baada ya habari ya hao watatu ikaja aya ya 119, inayowataka walioamini wamche Mwenyezi Mungu na wawe pamoja na wakweli.

Na Ka'b alifanya nini baada ya hapo? Alimwendea Mtume akasema kwamba katika kukamilisha toba yake anataka kutoa mali yake yote iwe *sadaka*. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza abakize sehemu. Na akaahidi kwamba muda wote atakaoishi hatasema ila kweli. Umeona mpangilio? Sidqi ilitangulia, sadaka ikafuata. Shina kwanza, tawi baadaye.

*Swaumu inadai nini*

Ndugu yangu, tuko siku ya 12. Njaa tumeshaizoea, mwili umeshajua ratiba. Ni wakati mzuri wa kukumbuka hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.): asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Allah hana haja na yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. "Maneno ya uongo *na kuyafanyia kazi*." Lile boksi la KYELA SUPER ni kuyafanyia kazi. Kukaa kwenye gari kama abiria ni kuyafanyia kazi.

Ukifungua Suratul-Baqara, aya ya amri ya kufunga ni ya 183. Rudi nyuma kidogo tu, hadi ya 177. Pale Allah anaeleza wema ni upi: kuamini, kutoa mali pamoja na kuipenda, kusimamisha swala, kutoa zaka, kutimiza ahadi, kuvumilia. Halafu waliofanya hayo anawapa jina: hao ndio waliokuwa wakweli. Na katika Suratul-Ahzab aya ya 35, wakweli wa kiume na wa kike, watoa sadaka na wafungaji wametajwa katika aya moja. Majina yao yamekaa pamoja. Sisi ndio tunaoyatenganisha, tunamtaka mfungaji na mtoa sadaka, mkweli tunamwacha nje ya duka.

*Kurudi kwa yule mama*

Nilisema tutarudi kwake.

Baada ya Idi alipita dukani kuniaga. Anahamia Iringa kwa binti yake aliyejifungua. Akanishika mkono, akaniombea: "Mungu akuweke hivyohivyo ulivyo, mwanangu." Nikaitikia amina. Nilipoingia ndani nikakaa juu ya gunia, miguu haina nguvu. Aniweke hivyohivyo nilivyo!

Nilihesabu tofauti ya bei ya kilo tano, nikaitoa sadaka kwa niaba yake. Nikajiona nimemaliza. Ilichukua miaka, nikiwa nimekaa na kitabu mbele ya wanafunzi, kuelewa nilichofanya. Haki ya mtu inarudishwa kwa mwenyewe. Akitafutwa akakosekana kabisa ndipo hutolewa kwa niaba yake. Je, mimi nilimtafuta? Iringa ni safari ya mchana mmoja. Unapanda basi asubuhi, alasiri umeshafika. Nilikuwa nimeiruka sidqi nikakimbilia sadaka, kwa sababu sadaka ilinigharimu shilingi, na sidqi ingenigharimu uso wangu.

Nilipokuja kwenda kumtafuta, muda ulikuwa umepita. Nilipoelekezwa hawakumjua. Na nikatambua kwamba hata ile tofauti ya bei haikuwa ndiyo deni lenyewe. Deni lenyewe ni kwamba nilimwacha mama wa watu aamini kwamba mikono yake imezeeka.

Kundi hili linasomwa Mbeya, na linasomwa Iringa. Inawezekana mmoja wa wajukuu zake yumo humu. Basi kama ujumbe huu utamfikia, au utawafikia watoto wake, nasema leo nilichopaswa kusema siku ile: mama, mchele ule haukuwa wa Kyela. Nilikuwa nimeuchanganya mwenyewe. Mikono yako haikuwa na kosa lolote. Naomba unisamehe.

*Zoezi la leo*

1. Kabla ya magharibi, mtafute mtu mmoja uliyemwacha na picha isiyo sahihi, hata kama hukutamka uongo. Mpigie. Mwambie ilivyo.

2. Wenye biashara: andika kwenye boksi kilicho ndani ya gunia. Kama ni mchanganyiko, andika MCHANGANYIKO. Riziki haikuandikwa kwenye boksi.

3. Leo usiseme "niko njiani" kabla mguu haujavuka kizingiti. Na usiseme "inshallah" kwa jambo ambalo umeshaamua hutalifanya. Sema tu, "samahani, sitaweza".

Ee Mola wetu, tujaalie tuwe katika wakweli. Zifanye ndimi zetu zifanane na nyoyo zetu, na mizani zetu zifanane na maneno yetu. Tupe ujasiri wa kusema kweli tunapokuwa tuna la kupoteza. Zikubali swaumu zetu na sadaka zetu, utusamehe kwa wale tuliowadhulumu, na utuwezeshe kuwafikia kabla ya siku ambayo haki zitalipwa kwa mema badala ya shilingi. Amin.

Kesho inshallah, na hii ni inshallah ya kuazimia, tutaendelea na amana.

Futari njema. Wabillahi tawfiq.